Kwa wanakamati wapya wa kujitathmini: msiniletee tena "matkaba"

Juma lililopita mwalimu mmoja kijana, aliyeingia katika kamati yetu ya kujitathmini mwezi Januari, aliniletea rasimu ya sura ya maktaba kwa furaha ya mtu aliyemaliza kazi kabla ya wenzake. Katika ukurasa wa pili nikakutana na neno "matkaba". Nililitambua mara moja kwa sababu ni langu: nililikosea mimi mwenyewe katika ripoti ya zamani, likanakiliwa katika ripoti iliyofuata, na sasa limerudi likiburuta sentensi yake nzima, ile isemayo kwamba chuo kina vitabu vya kisasa na vya kutosha. Kwa kuwa ninyi nyote ni wapya, na wakaguzi wa ithibati, yaani wanaothibitisha ubora wa chuo, wataingia katika chuo chetu cha theolojia hapa Moshi kabla mahindi hayajavunwa, nimeona niwaandikie kuliko kuwasomea risala mmoja mmoja mlangoni mwa ofisi.

1. Anzeni na barua ya mapendekezo ya ziara iliyopita ya wakaguzi, kisha ndipo mfungue kitabu cha vigezo. Jopo jipya huanzia pale jopo la zamani lilipoishia, na swali lake la kwanza huwa ni lilelile: tuliwaambia mfanye nini, na mmefanya nini? Mwaka mmoja barua hiyo tuliitafuta siku nne, tukapekua kabati la msajili na la mkuu wa chuo, hadi Mama Mkutubi alipokumbuka kwamba ilifika katika bahasha moja ya kaki pamoja na ankara ya ada ya ukaguzi. Basi ilikuwa kwa mhasibu, imetobolewa matundu mawili na kuwekwa katika faili la malipo, ankara ikiwa juu yake. Ankara ilikuwa imelipwa. Mapendekezo hayakuwa yamesomwa na mtu yeyote.

2. Mjue mnamwandikia nani. Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, ina taratibu zake. NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi, lililokuwa NACTE, lina zake kwa ngazi za cheti na stashahada. Na ACTEA, chombo cha ithibati ya elimu ya theolojia barani Afrika kilichoanza mwaka 1976, nacho kinauliza mambo ambayo vyombo vya serikali haviyaulizi kwa undani huo. Mwenzetu mmoja aliyesoma Marekani aliwahi kutuletea vigezo vya ATS, chama cha shule za theolojia cha Marekani na Kanada, vya mwaka 2020, vigezo vikuu 10, akapendekeza tuvifuate kwa sababu vimepangwa vizuri. Ni kweli vimepangwa vizuri, na ithibati ya huko inaweza kufika miaka 10, lakini majibu ya seminari ya Chicago hayawezi kuhamia Kilimanjaro. Kinachoweza kuhamia ni swali lao kuu, ambalo ni jinsi gani chuo kinajua kwamba mwanafunzi amejifunza na amelelewa.

Hapo kwenye malezi ndipo ninyi vijana mnapopiga chenga. Wenzetu Wakatoliki wanahesabu nguzo nne za malezi ya padre, yaani ya kiutu, ya kiroho, ya kiakili na ya kichungaji, na hata sisi tusiotumia majina hayo tunadai kulea mtu mzima na si kichwa chake tu. Sasa mwanakamati anaandika kuwa malezi ya kiroho yamefanikiwa, na kielelezo chake ni daftari la mahudhurio ya ibada ya asubuhi. Daftari hilo linathibitisha kwamba kengele iligongwa. Ombeni taarifa za wachungaji wanaowasimamia wanafunzi wetu usharikani, msome wanachosema juu ya namna kijana anavyokaa na wafiwa au anavyopokea karipio, na mnukuu hata pale taarifa isipotupendeza.

3. Kielelezo kitangulie sentensi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu jambo hili lilinigharimu.

Mwaka 2014, nikiwa katibu wa kamati kwa mara ya kwanza, niliandika kwamba mtaala ulirekebishwa kutokana na ufuatiliaji wa wahitimu. Haikuwa uongo. Wahitimu walikuwa wamerudi wakilalamika kwamba tuliwafundisha Kiyunani cha kutosha lakini hakuna aliyewafundisha kusoma mizania ya usharika, nasi tulilijadili jambo hilo mara nyingi chini ya mparachichi wakati wa chai, tukakubaliana, na somo la usimamizi wa fedha likaongezwa. Kilichokosekana ni muhtasari wa kikao, kwa sababu hakukuwa na kikao. Siku tatu kabla ya jopo kufika nikaona pengo hilo katika orodha ya viambatisho, na badala ya kumwendea mkuu wa chuo nikafunga mlango na kuandika muhtasari kwa tarehe ya nyuma.

Niliuandika vizuri mno. Ulikuwa na mahudhurio, waliotoa udhuru, yatokanayo na mengineyo. Kwa kuwa kamati ya mitaala ilizoea kukutana Ijumaa ya mwisho ya mwezi, nilifungua kalenda ya simu, nikaihesabu Ijumaa ya mwisho ya Machi 2013, nikaandika tarehe 29, na kuongeza kwamba kikao kilifunguliwa kwa sala saa 3:00 asubuhi na akidi ilitimia. Mkuu wa chuo, mchungaji mzee aliyeniamini kama mwanawe, alitia sahihi bila kusoma.

Mwenyekiti wa jopo naye alikuwa mchungaji. Aliusoma muhtasari ule polepole, akarudi juu kwenye tarehe, akatoa shajara yake ndogo na kuhesabu kwa kidole. Kisha akauliza, kwa upole ambao hadi leo naona ungekuwa afadhali kama angefoka: "Baba Mkuu, ibada yenu ya Ijumaa Kuu huanza saa ngapi?"

Mkuu wa chuo alijibu kwamba huanza saa tatu, na kwamba mwaka ule aliyehubiri alikuwa yeye mwenyewe. Ndipo akalielewa swali. Aliitazama sahihi yake, akanitazama mimi, na mezani hakuna aliyegusa chai. Tangu pale kila kielelezo chetu, hata kilichokuwa halali kabisa, kilisomwa mara mbili na kuulizwa nakala yake halisi, na mwishowe tulipewa ithibati ya muda mfupi kuliko tuliouomba pamoja na sharti la kutuma taarifa ya maendeleo. Jioni ile mzee aliniita, nikajiandaa kuachishwa kazi. Alisema tu, "Mwanangu, ungeniambia kwamba hatukuandika." Angalau tungeeleza tulivyobadilisha mtaala bila kikao, jopo lingetupa pendekezo moja la kutunza mihtasari, na mambo yangekwisha.

Kwa hiyo mkikuta pengo, liandikeni kama pengo, pamoja na jina la atakayelishughulikia na mwezi wa kulimaliza.

4. Mhariri awe mmoja. Takwimu za wanafunzi zitoke kwa msajili peke yake. Hesabu zilizokaguliwa ziombwe mapema, kwa maana mhasibu hana haraka na mtu. Kuchapa na kubaindi kufanyike juma zima kabla, kwani nimewahi kusimama katika kibanda cha kutolea kopi pale Double Road, umeme umekatika, kurasa 60 zimetoka na zilizobaki zimo ndani ya flashi, nikisubiri pamoja na kijana mwenye mashine aliyekuwa akinifariji kwa kunieleza habari za Simba na Yanga.

5. Sura ya maktaba imerudi kwa mwenyewe. Nimemwomba akakae na Mama Mkutubi, wahesabu pamoja vitabu vilivyochapishwa katika miaka 10 iliyopita, rafu kwa rafu, na wavitenge vile vilivyoletwa na wafadhili katika lugha ambayo hapa hakuna anayeisoma. Rasimu ya pili naisubiri Jumatano kabla ya chai. Kalenda ya kanisa nimeitundika nyuma ya mlango wangu, na sikukuu zote nimezizungushia wino mwekundu.