Maswali na majibu: kuchoronga miamba juu ya barafu ya Antaktika

Shikamoo mwalimu. Barafu ya bahari inabebaje mtambo mzima wa kuchoronga? (Mwanafunzi, Dodoma)

Marahaba, mwanangu. Unene ndio kila kitu, na hupimwa mara kwa mara. Katika mradi wa Cape Roberts, rasi ya pwani ya Antaktika, 1997 hadi 1999, mtambo ulikaa juu ya barafu ya takriban mita 2 tu. Msimu wa kwanza dhoruba ilivunja barafu ya jirani, kazi ikasimamishwa shimo likiwa mita 148 hivi chini ya sakafu ya bahari. Walirudi, na shimo la tatu likafika mita 939. Mwaka 2007 mradi wa ANDRILL ulipata barafu nene zaidi, ya mita 8 na ushei, kusini mwa McMurdo Sound, mkono wa bahari huko Antaktika.

Maji yakijaa na kupwa, bomba halikatiki? (Fundi visima, Morogoro)

Barafu hupanda na kushuka na maji, ilhali bomba la nje limetiwa saruji kwenye sakafu ya bahari. Kwa hiyo halifungwi kwenye barafu moja kwa moja: huning'inizwa kwa mvuto usiobadilika, barafu ikacheza peke yake. Ndani yake hupita bomba la kuchorongea lenye kichwa cha almasi. Kichwa hicho hukata duara na kuacha mche wa mwamba katikati, nao huvutwa juu kwa waya.

Mawe hayo yanasema nini? (Msomaji, Mombasa)

Mengi, na yananinyima usingizi. Mwaka 2006 ANDRILL ilichoronga mita 1,285 kupitia rafu ya barafu ya Ross, yaani barafu nene ya bara inayoelea baharini. Humo kuna matabaka ya changarawe na mawe yaliyosagwa na barafu, kisha ghafla tope jepesi, la kijani, lililojaa maganda ya diatomu. Diatomu ni mwani mdogo mno wa majini, haukui bila mwanga. Penye maganda yao palikuwa na bahari wazi, pasipo barafu! Hali hiyo ilijirudia tena na tena kati ya miaka milioni 5 na 3 iliyopita, hewa ukaa ikiwa karibu na kiwango cha leo. Barafu ya Antaktika Magharibi ikiyeyuka, bahari hupanda kwa zaidi ya mita 3, na Mombasa ni kisiwa.

Si wanatafuta mafuta hao? (Msomaji, Kigoma)

Hapana. Itifaki ya Madrid ya 1991 inakataza uchimbaji wa madini na mafuta Antaktika. Kwa upande wa madini, utafiti wa kisayansi pekee ndio unaoruhusiwa.

Mtafiti wa huku anaweza kupata sampuli? (Mhadhiri, Dar es Salaam)

Ndiyo. Miche ya ANDRILL imehifadhiwa Oregon State University, Marekani, na watafiti huomba vipande kwa maandishi, wakieleza wanataka kupima nini. Andika.