Kwa wachoraji wapya: duka lile halina mlango wa nakshi

Jumamosi nilipita Barabara ya India, hapa Bagamoyo, nikawakuta wanne mmejipanga kivulini, mbele ya lile duka lililofungwa lenye bati lililobonyea. Nikasimama nyuma yenu bila hata salamu, nikachungulia kazi. Wa kwanza kachora paka. Paka hakuwepo. Wa pili kaweka jahazi limetweka tanga nyuma ya paa, na pale alipokaa bahari haionekani hata akipanda mwembe. Wa tatu alikuwa na rula. Wa nne, mwanangu, wa nne kabandika mlango wa nakshi, maua na minyororo, kwenye duka ambalo mlango wake ni mbao tupu. Nikanunua kahawa na kashata, nikakaa ng'ambo nikawatazama, nikaondoka. Usiku sikulala vizuri kwa ajili ya yule wa nne. Nitafika huko.

1. Saa. Mnafika saa nne kwa sababu mnangoja chapati. Saa nne kivuli cha bati kimeshakuwa uzi. Njooni saa moja. Na mjue duka lenu linatazama wapi: mwezi wa Juni jua linapita upande wa kaskazini siku nzima, kwa hiyo ukuta unaotazama kusini haupigwi na jua hata dakika moja. Desemba ni kinyume chake. Mwanzoni mwa Machi, na tena Oktoba kabla haijafika katikati, jua la saa sita linakaa utosini na mji wote unakuwa bapa kama sinia. Saa hiyo laleni.

2. Rula ikae mkobani. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa haukunyooka hata siku ulipojengwa, sasa wewe unaunyoosha leo kwa idhini ya nani? Vyumba vya nyumba zile vina upana wa boriti ya mkoko, mita mbili na nusu, tatu hivi, basi. Ndiyo maana duka ni jembamba na linazama ndani kama kichochoro. Ukilipanua kwa kuwa karatasi yako ni pana, umejenga ukumbi wa harusi. Na yale madoa mnayopaka kwa kidole ovyoovyo, yatazameni kwanza. Kuna mtu alipiga lipu ya saruji juu ya chokaa, unyevu ukakosa pa kutokea, lipu ikavimba ikadondoka vipande vizima. Chokaa ya zamani hufa taratibu, inachunika unga unga. Ni vifo viwili tofauti, na penseli moja inatosha kuvitofautisha.

3. Piga hodi. Duka kufungwa si kukosa mwenyewe. Anza kwa jirani, halafu mwenyekiti wa mtaa, ndipo ufungue daftari. Jirani ndiye atakayekuzuia kuandika "soko la watumwa" chini ya kila gofu, ugonjwa ambao naona umerudi. Hili mlilochora liliuza kanga, uzi na mafuta ya taa. Mji ulianza kupoteza wateja mwaka 1891, Wajerumani walipohamishia makao yao Dar es Salaam. Reli ya kati ilipoanza kujengwa kutoka kule mwaka 1905, misafara nayo ikasahau njia ya huku. Maduka mengine yalivumilia mpaka 1971, nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zilipotaifishwa. Mengine yalikufa na rafu tupu mwanzoni mwa miaka ya themanini, enzi za kupanga foleni ya sukari. Yote yana kufuli ileile yenye kutu, kwa hiyo kuulizia ni lazima. Na jamani, ule mchezo wa jina la mji, "bwaga moyo", msiuandike tena pembeni ya mchoro. Tumeshabwaga, inatosha.

4. Mlango.

Nilikuwa na umri wenu, labda niliwazidi miaka miwili na majivuno. Kulikuwa na duka kwenye kichochoro cha nyuma, mahali ambapo leo ni kiwanja chenye mpapai. Nusu ya paa ilikuwa imeshaingia ndani. Mlango wake ulikuwa wa mbao za kupachika, saba, zikisimama bega kwa bega kwenye mfereji wa kizingiti. Asubuhi zinatolewa mmoja mmoja, jioni zinarudishwa. Karibu na ncha ya juu ya kila ubao fundi alikata alama kwa patasi: mkato mmoja, miwili, mitatu, mpaka saba, ili kijana wa duka asichanganye. Alama zile niliziona. Hapo ndipo paniumapo. Kama nisingeziona ningesingizia macho. Nilizichora hata, mikato mitatu kwenye kona ya daftari, kisha nikaipiga mstari kwa kuwa ilionekana kama uchafu.

Siku mbili nikahangaika na zile mbao, hazina ua, hazina msumari wa shaba, hazina chochote. Siku ya tatu nikatembea hatua mia hivi, nikachora mlango wa nakshi wa nyumba ya watu, na mfaa wake wa katikati na miimo yake ya pembeni, nikaja nao nikaupachika dukani. Mlango wa namna ile bila baraza unaonekana umepotea njia, basi nikajenga na baraza. Ukapendeza, wallahi. Mtalii akaununua kabla wino haujakauka. Sikuupiga picha. Nikala pilau wiki nzima.

Masika iliyofuata ukuta wa mbele ulilala chini usiku mmoja, na mbao zikaenda kuni. Miezi ikapita, akaja mama mmoja mtu mzima na binti yake, wametoka Dar. Duka lilikuwa la babu yake. Kwao haikubaki picha hata moja, na mtaani wamemwambia kuna kijana alikaa pale siku tatu akichora. Shikamoo, marahaba, karibuni, nikatoa daftari kwa fahari, maana rasimu ya mwisho nilikuwa nayo. Akaitazama. Akaisogeza kwenye mwanga. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Baba, hii ni nyumba ya nani?"

Nikamwambia ni duka la babu yenu. Akatikisa kichwa. Akaanza kunisimulia alivyokuwa akiachiwa kazi ya kuhesabu mbao jioni, akiwa mtoto, na kwamba ule wa tano ulimshinda uzito, babu alikuwa akimshikia ncha ya pili. Mimi naitikia tu, ndiyo mama, ndiyo mama, masikio yamepata moto. Binti akawa anafunua kurasa taratibu mpaka akafika kwenye ile kona. "Mama, si hii?" Mikato mitatu, imepigwa mstari. Mama akaweka kidole juu yake, hakukiondoa.

Niliuchana ukurasa ule nikampa. Akafungua mkoba ili anilipe. Nilikataa, akasisitiza, nikakataa tena, na mpaka leo nikipita pale kwenye mpapai natazama upande wa pili.

5. Penseli 2B na 6B zinatosha. Weka kipande cha karatasi chini ya kiganja, jasho la pwani halina adabu. Piga picha kabla ya kuuza.

6. Watoto watakuzunguka. Wape karatasi, wachore nao. Yule mdogo aliyekuwa begani kwa mwenzenu wa rula alikuwa akimwambia ukuta umeinama, akaambiwa anyamaze. Alikuwa na haki. Na rula ile ina jina langu kwa nyuma, nirudishieni.

7. Wewe wa nne. Usiufute ule mlango, geuza ukurasa. Nilipokuwa nakunywa kahawa nilihesabu mbao za duka lile: ziko sita, na ubao wa pili kutoka kulia, aliyeurudisha mara ya mwisho aliupachika kichwa chini. Alama yake iko huku chini, karibu na vumbi. Itabidi upige magoti uione.