Injini ya supakaa nyepesi: anza na mizani

Anayeanza kujenga gari la kasi Kampala huuliza kwanza, "Ina nguvu za farasi ngapi?" Swali hilo liwe la tatu. La kwanza ni uzito, la pili ni giaboksi.

Lotus Elise ya 1996 ilikuwa na kilo 725 hivi na farasi 118 tu, na bado ilisifika kwa kukata kona. T.50, supakaa ya mbunifu Gordon Murray, ina V12 ya lita 3.9 yenye kilo 178, na gari zima halifiki kilo 1,000. Ona hesabu hiyo: injini haifiki hata moja ya tano ya gari. Nawe usipime injini tupu. Iweke kwenye mizani pamoja na giaboksi, klachi, alteneta, eksozi, oili na maji, maana ndivyo gari litakavyoibeba.

Kisha kumbuka tulipo. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo (pampu inayosukuma hewa ndani ya injini) hupoteza takriban asilimia 12 ya nguvu zake. Ukipanda Kabale, karibu asilimia 20. Tabo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo, ila hapo unakutana na petroli. Injini nyingi za tabo za Japani zilipangiwa petroli ya huko ya oktani 98 hadi 100. Ukizijaza ya kawaida bila kupunguza presha ya tabo au kurekebisha muda wa plagi kuwasha, zinaanza kugonga, yaani petroli inalipuka kabla ya wakati, na mwisho wake ni pistoni kupasuka.

Injini ya Subaru EJ20 ya tabo inapendwa sana Uganda. Imelala chini, na ikiwekwa nyuma ya viti giaboksi yake hukaa upande unaofaa bila kugeuzwa, mradi difu ya kati, inayogawa nguvu mbele na nyuma, ifungwe ili nguvu ziende magurudumu mawili tu. Tatizo ni upana wake, na beringi za krenki zisizosamehe oili ikipungua. Toyota 3S-GTE ya Caldina GT-T ina farasi 260, lakini bloku yake ni chuma kizito. 2ZZ-GE ya Toyota, ya lita 1.8, ni nyepesi na tamu, lakini ukikosea gia ukaishusha badala ya kuipandisha, mizunguko inaruka na pampu ya oili inaweza kuvunjika.

Kwa anayeanza, tungesema achukue 2GR-FE ya Toyota: V6 ya lita 3.5 iliyomo kwenye baadhi ya Harrier zilizojaa mjini. Lotus wenyewe waliiweka kwenye Evora ya 2009, farasi 276. Hata ukitoa asilimia 12, zinabaki kama 243, na kwa gari la kilo 900 hizo ni nyingi kuliko ujuzi wa madereva wengi. Kwenye Harrier injini hiyo imekaa mkingamo, kwa hiyo inahamia nyuma ya viti pamoja na giaboksi yake. Kikwazo ni kwamba Harrier ni otomatiki. Giaboksi ya mkono ya E153, ile ya Toyota MR2 ya tabo, huungana nayo, lakini flaiwili, klachi na stata zichaguliwe kwa pamoja, na zijaribiwe mezani kabla ya kuchomelea chochote. Kompyuta ya otomatiki nayo italalamika ikikosa giaboksi yake, basi tenga bajeti ya kompyuta nyingine.

Unaponunua kwenye vipuri vya Kisekka au Ndeeba, tafuta nozikati kamili, yaani pua ya gari iliyokatwa: injini, waya zote, kompyuta na ufunguo wake. Bila ufunguo, kufuli la umeme laweza kukuacha na chuma kisichowaka. Fungua kifuniko cha oili. Ukiona tope jeusi, ondoka. Tazama pampu ya maji kama ina ukoko wa rangi ya waridi. Kwenye 2GR za mwanzo, badilisha bomba la mpira la oili ya VVT-i (mfumo wa kubadilisha muda wa vali) kwa la chuma. Likipasuka, oili inamwagika ndani ya dakika chache.

Pima kompresheni injini ikiwa ya moto, plagi zote zikiwa zimetolewa na throtoli imefunguka yote. Kitabu kikisema baa 13, Kampala geji itasoma 11.5 hivi, hewa ya hapa ni nyepesi, injini si mbovu. Cha kuogopa ni tofauti ya zaidi ya baa 1 kati ya silinda.

Rediyeta ikae mbele, na mabomba ya kwenda na kurudi yawe na kipenyo cha milimita 32 hadi 38. Weka tundu la kutoa hewa kwenye kila sehemu iliyoinuka, la sivyo povu la hewa litakaa kwenye silinda hedi na geji ikudanganye. Kifuniko cha rediyeta kilicholegea usikipuuze: hapa maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 96 tu, na foleni ya Jinja Road itakufikisha huko haraka. Ndani ya sampu, sinia ya oili iliyo chini ya injini, chomelea vizuizi vyenye vilango vinavyofunguka kuelekea kwenye mdomo wa pampu, kwa sababu kwenye kona kali oili hukimbilia ukutani na pampu ikavuta hewa. Kazi hiyo ifanye injini ikiwa bado chini. Ikishafungwa kwenye chasi, mkono hauingii.