Maswali ya wasomaji: Baridi ya kwenye simu sio baridi ya uani kwako

Wiki hii maswali karibu yote yametoka kwa watu wa ukanda wa subtropiki, yaani kule ambako kiangazi kinakudanganya kabisa kwamba uko tropiki alafu unakuja usiku mmoja tu wa kipupwe unaondoka na bustani nzima. Nimechagua machache, mengine yanafanana. Na humu mtu akisema "mnazi wangu" anaweza kuwa na maana ya mti wowote wa jamii hiyo, hata mi naandika hivohivo, nikiwa na maana ya mnazi wenyewe wa nazi ntasema.

Shikamoo mwalimu. Mwezi uliopita mnazi wangu wa mapambo (aina ya Archontophoenix) umeungua makuti yote, umekuwa rangi ya kahawia kama mtu kaupitishia moto. Wa jirani yangu ambae yuko juu kidogo ya mteremko haujaguswa hata kuti moja, na tulinunua siku moja sehemu moja. Simu usiku ule iliandika nyuzi 3, sasa hiyo jalidi (barafu ya usiku) ilitoka wapi? — Wa bondeni

Marahaba. Umelijibu swali mwenyewe hapo kwenye jina ulilotumia.

Ile nyuzi 3 ya simu ni ya hewa, inakadiriwa kwa urefu wa kama mita moja na nusu mpaka mbili kutoka ardhini, themomita ikiwa kivulini ndani ya kiboksi chake, na mara nyingi kituo chenyewe kiko mbali na kwako. Usiku ukiwa hauna wingu na upepo umekufa, majani na ardhi vinapoteza joto moja kwa moja kwenda angani, kwa iyo jani lenyewe linapoa kuliko hewa inayolizunguka, na juu ya nyasi unaweza kukuta nyuzi 3 hadi 5 chini ya ile namba uliyoisoma. Ndo maana watu wanaona barafu kwenye majani asubuhi wakati simu inasema hakukuwa na kuganda, wanadhani simu imekosea kumbe haikuwa inapima jani lako.

Hilo la kwanza. La pili ndo limekumaliza: hewa iliyopoa ni nzito, inashuka mteremko polepole kama maji, inajikusanya pale chini kabisa, na ikikuta ukuta au michongoma imeziba inasimama hapo inajaa. Jirani yako yuko kwenye ule mkanda wa katikati ya mteremko ambapo hewa ya uvuguvugu imesukumwa juu na ya baridi imepita chini yake. Tofauti ya nyuzi kadhaa ndani ya kiwanja kimoja ni kitu cha kawaida, na Archontophoenix inaanza kuungua kwenye nyuzi -2 hivi, kwa iyo hata nyuzi mbili tu zinatosha kuwatenganisha nyie wawili.

Fanya hivi. Asubuhi ya baridi toka nje kabla jua halijagusa nyasi (ubaridi mkubwa uko hapo karibu na mapambazuko, sio saa sita usiku) na utembee. Utaona mstari, kabisa, nyasi nyeupe zinaishia mahali fulani na baada ya hapo ni kijani, chini ya mti mkubwa wenye matawi mapana hakuna nyeupe, kwenye kona ya ukuta wa chini ndo nyeupe tupu. Weka vijiti kwenye huo mstari. Alafu nunua themomita mbili tatu za rahisi zile zinazohifadhi kiwango cha chini cha usiku, moja iweke pale ulipoungulia, moja juu, moja chini ya mti, zote urefu mmoja na zote zikingwe na anga. Msimu mmoja wa hizo namba unakufaa kuliko ushauri wangu wote.

Na kama ukuta wa chini ni wako, toboa au weka geti la nondo badala ya bati ili ile hewa ipate pa kutokea. Kwa juu fanya kinyume, panda uzio mzito unaoielekeza pembeni. Mnazi ukiwa bado mdogo uhamishie chini ya mti mkubwa, yale matawi yanazuia joto lisiende angani na kwa usiku wa aina hiyo yanaweza kuokoa nyuzi moja mbili ambazo ndizo unazozitafuta.

Angalia na umande jioni. Ukianza mapema maana yake hewa ina unyevu, na mvuke unapogeuka maji unatoa joto, baridi inashuka taratibu. Jioni kavu kabisa, anga safi, hakuna upepo, hiyo ndo ya kuogopa hata kama mchana ulikuwa mzuri wa kuvaa kaptura.

Ila sasa yote haya ni ya baridi iliyotulia. Kuna baridi nyingine inayokuja na upepo, hewa yenyewe imesafirishwa kutoka mbali ikiwa tayari iko chini ya kiwango cha kuganda, na hapo mambo yanageuka: hakuna cha bonde wala mkanda wa uvuguvugu, aliyeko kilimani ndo anapigwa zaidi, matawi ya juu hayasaidii sana, kinachosaidia ni kizuizi cha upepo. Kwa iyo kabla hujahamisha mti jiulize kwanza miaka yote umeunguzwa na ipi. Wengi wa subtropiki ni ile ya kwanza, lakini ile ya pili ikija ndo inaua miti ya miaka thelathini.

Kaka naomba kueleweshwa, kila mtu ananiambia "panda karibu na ukuta". Ukuta upi? Ninazo pande nne! Na bwawa la kuogelea linasaidia?

Hahaa, swali la haki. Ukuta unaotazama upande jua linakopita majira ya baridi: ukiwa kusini mwa ikweta ni ule unaotazama kaskazini, ukiwa kaskazini mwa ikweta ni ule unaotazama kusini. Ukiegemea kidogo magharibi ni bora zaidi maana unakula jua la mchana na jioni na kuingia usiku ukiwa bado na moto. Uwe wa tofali, jiwe au zege, kitu kizito, kwa sababu mbao na bati zinapoa dakika ileile jua linapozama.

Kitu ambacho watu wanasahau ni paa. Chini ya ukingo wa paa mvua haifiki, mti unakaa kwenye vumbi kavu na mwenyewe anashangaa mbona haukui na mvua inanyesha. Pia piga hesabu ya ukubwa, aina yenye makuti ya mita tatu ukiipanda nusu mita kutoka ukutani itakuja kukulazimisha uikate.

Bwawa la kuogelea ni dogo mno, usilitegemee. Bahari au ziwa kubwa hapo sawa, tena kwa ule upande ambao upepo unatua baada ya kupita juu ya maji.

Nimeweka matandazo mazito kila mahali kujiandaa na baridi, nimefanya vizuri eeh?

Kwa mizizi ndio. Kwa majani hapana, na hapa najua ntagombana na watu. Ardhi tupu, iliyoshikana na yenye unyevu inakunywa joto la jua mchana na kulirudisha usiku, na lile joto ndo linalopanda kwenye makuti ya mti mdogo. Matandazo yanaziba njia zote mbili, joto halishuki na halipandi, kwa iyo usiku wa jalidi majani juu ya matandazo yanakuwa kwenye baridi zaidi kuliko juu ya udongo ulioloa. Mti mkubwa ambao makuti yake yako juu huko usihangaike, acha tu. Mti mdogo wa hadi kiunoni, sogeza matandazo pembeni siku moja kabla, mwagilia udongo mchana, na usiku funika kwa shuka au blanketi linalofika mpaka chini kote. Wengi wanafunga shuka kwenye shina wanaliacha linaning'inia juu, yaani wanakinga lile joto la ardhini lisiingie alafu wanasema kufunika hakusaidii. Nailoni isiguse majani. Na asubuhi funua, jua likiikuta imefunikwa utaipika.

Dada/kaka mhusika, baridi ilipita wiki tatu sasa. Makuti ya nje yana madoa tu lakini lile la katikati ambalo bado halijafunguka nimelivuta kidogo likatoka lote mkononi!! Mti umekufa?

Bado. Harufu yake ikoje pale chini? Kama kitako cha hilo kuti ni laini, kahawia, kinateleza na kinanuka uozo, basi vijidudu vimeshaingia kule ndani kwenye shaha (moyo wa mti unakotokea makuti), na miti hii mingi ina sehemu moja tu ya kuotea, ikifa hiyo hakuna tawi la pembeni litakalokuja kuokoa. (Ile inayoota kwa vichaka kama mkindu ina unafuu, shina moja likifa mengine yanaendelea.)

Safisha lile tundu, toa kila kitu kilicholegea, usichokonoe kwa chuma, alafu mwagia dawa ya ukungu yenye shaba kwa vipimo vya kwenye lebo. Usirudie rudie, shaba ikizidi nayo ni sumu. Kama unaweza, kinga mvua isiingie mle kwa wiki chache. Yale makuti yenye madoa usikate! Najua yanakera macho ila hata nusu ya kuti ikiwa kijani bado inalisha mti, na makuti yaliyokufa yanaikinga shaha kama baridi itarudi. Kata msimu ukishageuka kabisa.

Alafu subiri, na kusubiri kwenyewe ni miezi ya joto sio wiki. Weka alama ya kalamu isiyofutika kwenye shina la kuti jipya usawa na la jirani yake, alama zikipishana ujue ndani kunasukuma. Kuti la kwanza kutoka mara nyingi linakuja limejikunja, fupi, limechanika, linatisha, ila ni habari njema.

Kwetu hakujawahi kuganda hata siku moja, mbona mnazi wangu wa nazi kila kipupwe unakuwa njano na haukui?

Kwa sababu mnazi hauhitaji jalidi ili uteseke. Udongo ukishuka chini ya nyuzi 15 hivi kwa wiki nyingi mizizi yake karibu inalala, haivuti chakula, makuti yanageuka njano hata kama mbolea iko tele, na mvua za baridi zikija juu yake unaoza. Tatizo lako ni ile miezi mitatu ya ubaridi wa wastani mfululizo, na hiyo huwezi kuifunika na shuka. Ukitaka kuendelea kubishana nao, inua kitanda cha udongo wenye mchanga kiwe kama tuta, mbele ya ukuta niliousema juu, maji yapite haraka, na potasiamu isikosekane maana mti wenye upungufu wake unahimili baridi vibaya zaidi. Mbolea ya naitrojeni usimwage mwisho wa kiangazi. Mi binafsi ningepanda kitu kingine, lakini naelewa, kila mtu wa subtropiki lazima aujaribu mnazi hata mara moja.

Nipe basi majina ya minazi inayovumilia baridi. Niko shimoni, baridi inajaa, siwezi kuhama.

Trachycarpus fortunei ukishakomaa unavumilia nyuzi -12 na zaidi, Sabal palmetto na Butia karibu -10, mtende wa Kanari kama -7. Mkindu -3 au -4, mzuri lakini sio wa shimoni. Rhapidophyllum ndo kiboko ya yote, inashuka chini ya -15, ila ni kichaka kifupi kinachokua kwa mwendo wa kobe na kina miiba. Hizi namba ni za mti mkubwa wenye afya na baridi ya usiku mmoja, mti mdogo hauvumilii kiasi hicho, na kwenye baridi ya mvua ndo unavumilia kidogo zaidi.

Washingtonia robusta watu wanaipenda kwa sababu inakua mbio. Februari 2021 Texas ilipigwa na ile baridi ya upepo ya siku kadhaa, San Antonio ikashuka chini ya -10, na Washingtonia robusta ndefu zilizokuwa zimesimama mitaani kwa miaka zikafa kwa wingi wakati Sabal zilizokuwa mtaa huohuo zikaungua makuti na kuendelea na maisha. We chagua.

Kentia yangu (mnazi wa mapambo) niliiweka kwenye ukuta wa jua kama ulivoshauri toleo lililopita, imeungua. Si ulisema?

Nilisema ukuta ni wa zile zinazotaka joto. Kentia kwao ni kisiwa cha Lord Howe, katikati ya bahari, hakuna joto kali hakuna baridi kali, na ikiwa ndogo inakaa chini ya kivuli cha wakubwa zake. Jua la saa tisa pamoja na ukuta unaolirudisha ni adhabu kwake. Ihamishe chini ya ule mti mkubwa, upande wa jua la asubuhi, na ukishaihamisha imwagilie vizuri mizizi ishike.

Mwenzio wa bondeni hapo juu Archontophoenix yake ikifa na akitaka kupanda nyingine, ukuta kama huo ungemfaa yeye.