Sanduku likirudi kutoka shule, lisiguse stoo kwanza

Mkuu, simama hapo hapo. Nimesoma mpango wako mara mbili: sanduku la vifaa vya makumbusho litoke Jumatatu kwenda shule, lirudi Ijumaa, "lilale stoo kuu", Jumatatu nyingine liende kwa kikundi cha akina mama. Halafu unauliza kama sanduku liwe la mbao au plastiki, amana iwe kiasi gani, na fomu asaini nani. Hayo yana majibu. Ila hapo kwenye kulala stoo kuu ndipo nilipoumia mimi, na imenichoma kuona mtu mwingine anaelekea huko huko.

Tulikuwa na sanduku la mavazi: blanketi la sufu, kofia ya manyoya ya ndege, mfuko wa ngozi. Lilizunguka shule tatu. Liliporudi nikahesabu kwa orodha, kila kitu kimo, hakuna kilichochanika. Nikamuuliza aliyekuwa juu yangu kama kuna la kufanya kabla ya kulirudisha kwenye rafu. Akanijibu, "Angalia kwa macho, usipoona mdudu weka." Nikaangalia. Nikaweka.

Miezi kadhaa baadaye nilivuta droo ya jirani yake. Chini ya mshipi mwekundu wa sufu kulikuwa na chengachenga kama mchanga, nyekundu vilevile. Nikadhani ni rangi inabanduka. Kumbe ni kinyesi cha viwavi vya nondo, kinatoka na rangi ya uzi waliokula. Kugeuza mshipi, upande wa chini umeliwa njia njia, na kwenye mikunjo kumeshikana vijifuko vya utando. Kofia ya manyoya nayo ilikuwa imebaki vijiti.

Kofia ilikuwa ya kuazimisha, tuliinunua kwa kazi hiyo. Mshipi ulikuwa wa mkusanyo wa kudumu, una namba ya rejesta, na hatukuwa na mwingine wa aina ile. Haukuwahi kutoka nje ya jengo hata siku moja! Tukafunga stoo, tukafungua droo moja baada ya nyingine, tukikung'uta na kukagua kwa tochi kila chenye sufu, manyoya, ngozi au hariri.

Hasira yangu kwa yule bwana haijaisha. Yai la nondo halifiki milimita moja na limejificha kwenye mshono. Macho yataona nini? Angesema tu "sijui, tuulize mhifadhi", yule mtaalamu wa kutunza vitu vya makumbusho visiharibike, mshipi ungekuwepo. Na bado, baada ya yote, akataka tupulizie dawa ya wadudu ya dukani. Nilikataa palepale, maana dawa hizo huweza kutia madoa, na vitu hivyo vinakwenda kushikwa na watoto.

Kwa hiyo mkuu, kila chenye asili ya mnyama kikirudi kinaenda karantini, chumba kingine kabisa. Kitie kwenye mfuko wa nailoni, kamua hewa, ziba kwa selotepu pasibaki upenyo, kisha ingiza kwenye friza. Ikifika nyuzi 30 chini ya sifuri, siku 3 zinatosha. Ikiishia nyuzi 20 chini ya sifuri, kiache wiki 2. Weka kipimajoto ndani, usiamini namba ya kwenye kitufe. Ukitoa, usifungue mfuko mpaka kesho yake. Unyevu wa hewa utatua nje ya nailoni badala ya kwenye kitambaa. Picha za rangi ya mafuta, vitu vya kioo na ngoma zenye ngozi iliyovutwa usizitie humo bila kumuuliza mhifadhi.

Maana yake ratiba yako ya Ijumaa hadi Jumatatu haiwezekani. Tengeneza masanduku mawili yapishane, au ongeza nafasi kati ya mkopo na mkopo.

Na vitu vya mkusanyo wa kudumu visitoke. Kuwe na mkusanyo wa kushikwa, wenye rejesta yake na rafu zake, mbali na vingine.

Nimeona pia kwenye orodha yako kuna ndege waliojazwa, wa zamani. Watoe. Wengi wa zamani walipakwa aseniki ili wasiliwe na wadudu, na sumu hiyo haipotei hata miaka ikipita. Barakoa za gesi za Vita Kuu ya Pili nazo zitoe, vichujio vya nyingi vina asbesto.

Fomu asaini mkuu wa shule, pamoja na picha za kila kitu pande zote, siku ya kutoka na siku ya kurudi. Amana, na sanduku la mbao au plastiki, waachie wadau wengine wakujibu. Wewe niambie friza yenu inashuka hadi nyuzi ngapi, na kama lile sanduku la Ijumaa iliyopita limeshalala stoo, lifunge kwenye nailoni leo ulitoe. Kisha anza na droo zilizo jirani nalo, tochi mkononi.