Moyo wa kichanga umepanuka: mshipa wa kushoto unatokea wapi?

Swali: Mwanangu ana wiki 10. Alizaliwa salama na uzito ulikuwa ukipanda. Sasa akinyonya hutoka jasho kichwani, huacha titi na kulia. Hapa Kongwa eksirei ilionyesha moyo mkubwa, tukapewa rufaa Dodoma mjini. Daktari anahisi mshipa wa moyo umechipuka pasipo pake. Mbona mwanzoni alikuwa mzima?

Jibu: Pole sana, mama. Kasoro hiyo madaktari huiita ALCAPA: ateri ya koronari ya kushoto (mshipa unaolisha msuli wa moyo damu), badala ya kuchipuka kwenye aota (mshipa mkuu unaotoa damu moyoni kwenda mwilini), imechipuka kwenye ateri ya mapafu. Ni adimu, takriban mtoto 1 kati ya 300,000.

Mtoto anapozaliwa, presha ya mapafu bado iko juu, hivyo damu husukumwa kuingia kwenye mshipa huo. Wiki zikipita presha hushuka na mkondo hugeuka. Damu ya koronari ya kulia hupitia vijimshipa vya kuunganisha, huingia ya kushoto kinyumenyume, kisha humwagikia ateri ya mapafu. Msuli wa moyo upande wa kushoto hubaki na njaa ya oksijeni, hulegea, hupanuka, na valvu ya mitrali (mlango kati ya vyumba vya kushoto vya moyo) huvuja. Kwa kichanga kunyonya ni kazi nzito, ndiyo maana maumivu huja hapo hapo. Wengi hudhani ni chango.

Kwa hiyo jibu la “moyo umepanuka” lisifunge uchunguzi. Kwenye ECG (kipimo cha umeme wa moyo), wimbi Q (mchoro unaoshuka mwanzoni mwa pigo) la aVL (mojawapo ya mistari ya kipimo hicho) lenye kina kinachozidi milimita 3 huongeza shaka. Kwenye eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), mpimaji ashushe kipimo cha kasi ya rangi (rangi zinazoonyesha mwendo wa damu), kwani damu ya koronari hutembea polepole, kisha atafute mkondo unaorudi nyuma na koronari ya kulia iliyonenepa. Picha isiyo na rangi hudanganya: uwazi ulio nyuma ya aota huweza kuonekana kama mshipa umeungana nayo. Shaka ikibaki, afanyiwe CT (eksirei ya kompyuta) yenye dawa ya kuonyesha mishipa.

Dawa za kupunguza maji hutuliza tu. Tiba ni upasuaji: mshipa hukatwa pamoja na kipande cha ukuta unaouzunguka, ukashonwa kwenye aota. Bila hivyo, takriban watoto 9 kati ya 10 hufariki kabla ya mwaka. Akipauka, akihema haraka au akikataa titi, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, msingoje tarehe ya rufaa.