Usimtafute yeye, watafute waliokuwa naye

Kwetu Tanga, bibi alinihesabia nasaba kwa mdomo hadi kizazi cha saba, jioni moja, bila kusita. Nilipoolewa Bradford, Uingereza, nikakuta mama mkwe anamjua babu wa baba yake kwa picha moja tu na jina lililoandikwa nyuma kwa penseli. Yeye ni kitukuu, mume wangu ni kilembwe, na hakuna aliyejua yule mzee alitokea wapi. Nikamwahidi mama mkwe nitamtafuta. Ilinichukua miaka miwili, na zaidi ya nusu ya muda huo niliupoteza kwa kosa moja: nilikuwa nalitafuta jina.

Kwenye sensa ya 1881 alionekana upesi. Yupo Bradford, mkuu wa kaya, miaka 35, kazi yake kuchana sufu kiwandani, mzaliwa wa mkoa wa Lincolnshire, ana mke na watoto watatu, mkubwa wa miaka 6. Nikirudi nyuma hadi 1871, hayupo. Nililiandika lile jina herufi kwa herufi, mwezi baada ya mwezi.

Kwanza fahamu unachosoma ni nini. Karani wa sensa aliacha fomu kila nyumba, akapita kuzikusanya, akawajazia wasiojua kuandika kwa kusikiliza tu, halafu akanakili yote kwenye daftari. Fomu za miaka hiyo karibu zote hazipo tena. Lililobaki ni daftari, na unachotafutia kwenye intaneti ni namna mtu wa juzi alivyousoma mwandiko wa karani. Jina la ukoo la mzee wetu linaanza na H, na wenyeji wa huku huimeza H mwanzoni mwa neno. Karani aliandika alichosikia, kama kwetu unavyoweza kumkuta Rukia kwenye daftari la shule ameitwa Lukia.

Basi acha nafasi ya jina la ukoo wazi. Weka jina la kwanza, mkoa aliozaliwa, na umri unaopanda na kushuka miaka mitano. Ndivyo nilivyompata: 1871, kapera, amepanga chumba, umri 22. Yaani ndani ya miaka kumi aliongezeka kumi na mitatu. Usimwite mwongo. Wengi wao hawakuwa na karatasi ya kuwakumbusha siku waliyozaliwa.

Kwenye ndoa nilikosea tena. Kwa kuwa mtoto mkubwa alizaliwa karibu 1875, nilitafuta harusi kabla ya hapo. Harusi ilikuwa 1877. Tafuta pande zote mbili za mtoto wa kwanza, tafadhali, na usione haya kwa niaba ya watu waliokwisha kufa. Jua pia kwamba faharasa ya ndoa ya Uingereza na Wales, iliyoanza Julai 1837, haikuonyesha jina la mwenzi hadi 1912. Unamtafuta mume, unamtafuta mke, kisha unalinganisha robo ya mwaka, wilaya, juzuu na ukurasa. Vikilingana vyote bado si hakika, maana ukurasa mmoja ulibeba zaidi ya ndoa moja. Tovuti ya FreeBMD inakuwezesha kufanya kazi hii bure.

Nikaagiza nakala ya cheti. Umri wa bwana harusi: "kamili", maana yake tu ametimiza 21. Baba yake: kibarua wa shamba, na jina lipo. Nikafurahi, nikaingia sensa ya 1851 kumtafuta kibarua huyo Lincolnshire akiwa na mwana mdogo. Vibarua wa jina hilo walikuwepo. Mwana hakuwepo.

Kilichonifungua macho ni mashahidi, ambao nilikuwa nimewapita bila kuwatazama. Mmoja alikuwa mwanamke mwenye jina la ukoo la bwana harusi. Nikamfuata yeye. Mwaka 1851 yuko kwenye kijiji cha Lincolnshire, binti asiyeolewa, nyumbani kwa baba yake kibarua mwenye jina lilelile la kwenye cheti. Mstari wa mwisho wa kaya hiyo: mtoto wa kiume, miaka 4, na kwenye safu ya uhusiano, "mjukuu".

Nilikaa kimya mbele ya kompyuta muda mrefu. Aliyeandikwa kuwa baba alikuwa babu, ndiye aliyemlea.

Faharasa ya vizazi iliyopo kwenye tovuti ya Ofisi Kuu ya Usajili huweka jina la ukoo wa mama kabla ya kuolewa. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, nafasi hiyo mara nyingi ina kistari tu. Kistari hicho kisikukatishe tamaa, kwa sababu kwangu ndicho kilichomtenga mtoto huyu na wenzake wa jina moja. Cheti cha kuzaliwa kilipofika, sehemu ya baba ilikuwa tupu. Sehemu ya mama ilikuwa na jina la yule shahidi.

Ukifika hapa, tafuta pia daftari la ndoa la kanisa lenyewe. Nakala za ofisi kuu zilinakiliwa na mtu mmoja, lakini daftari la kanisani ndilo walilotia mkono wahusika. Kwenye lile la 1877 kuna alama mbili za msalaba, ya mwana na ya mama yake, za mikono tofauti, ya mama imepinda kidogo upande wa kulia.

Nilimpelekea mama mkwe nakala Jumapili, nikiwa na wasiwasi juu ya ile sehemu tupu. Hakuiuliza. Aliniomba nimtamkie jina la mwanamke yule, akalirudia mara mbili, kisha akachukua penseli akaliandika nyuma ya picha, chini ya jina la mwanawe. Sasa anataka kujua alizikwa wapi. Nimeanza na sensa ya 1881, nafasi ya ukoo nimeiacha wazi.